Kodi, makato ya mshahara au bima ya kujinunulia: bili ya matibabu ikufikie kupitia mlango upi?

Mageuzi ya bima ya afya yakitangazwa, wananchi huuliza maswali mawili kabla ya mengine yote: nitakatwa kiasi gani, na siku nikiugua nitatibiwa kweli? Wapo wataalamu wanaoyaona maswali hayo kuwa ya watu wasioelewa sera. Mimi naona hayo ndiyo sera yenyewe, na sheria isiyoyajibu kwa lugha ya kueleweka haijaiva.

Ugumu unaanzia kwenye neno "bure". Muuguzi analipwa mshahara, dawa zinanunuliwa, mashine ya eksirei inakula umeme. Bili ipo siku zote. Kinachobadilishwa na mageuzi ni mlango ambao bili hiyo hupitia mpaka ikufikie. Inaweza kuja ndani ya kodi, ndani ya makato ya mshahara, au kwa ankara ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima uliyoichagua mwenyewe. Upo pia mlango wa nne, dirisha la malipo la hospitali, na huo ndio unaofilisi familia. Niliwahi kusimama mbele ya dirisha la namna hiyo mgonjwa wangu akiwa ndani, nikaambiwa kadi haisomi, ilhali michango ilikuwa imekatwa kila mwezi bila kukosa. Tangu siku ile kila mpango wa mageuzi naupima kwa swali moja: baada ya haya yote, dirishani nitadaiwa nini?

Makala hii ni kwa anayetakiwa kuunga mkono au kupinga mageuzi na bado hajajua asimame wapi. Inalinganisha njia tatu kubwa ambazo nchi zimezitumia kwa miongo mingi, kiasi kwamba faida na maumivu yake yanaonekana wazi.

Vipimo vitakavyotumika

Kila njia nitaipitisha kwenye vipimo vilevile. Cha kwanza ni bili inakupata wapi, na inazingatia kipato chako au la. Cha pili, nani anabaki nje, maana hakuna mfumo ambao kila mtu ameingia bila jasho. Cha tatu ni foleni na uhuru wa kumchagua daktari. Cha nne, nini hutokea gharama za matibabu zinapopanda, kwa sababu hupanda kila mahali. Mwisho, njia hiyo inamfaa nani.

Kabla hatujaanza, tuliondoe lalamiko moja linalohusu njia zote tatu: kwa nini tulazimishwe? Kijana mwenye afya anauliza kwa haki kabisa kwa nini alipie magonjwa ya wengine. Jibu liko kwenye hesabu. Kama mtu anaruhusiwa kusubiri mpaka augue ndipo ajiunge, watakaojiunga watakuwa wagonjwa watupu. Mfuko utalemewa, malipo yatapandishwa, wenye nafuu watajitoa, na wanaobaki watapandishiwa tena. Mfuko wa hiari unaopokea kila mtu, bila ruzuku kubwa ya kuwavuta wazima, huishia hivyo. Kwa hiyo ulazima upo katika njia zote, ila umevaa nguo tofauti: kodi, makato, au amri ya kununua bima. Ukisikia mwanasiasa anaahidi kumpokea kila mgonjwa bila kumlazimisha yeyote, muulize pengo litazibwa na fedha za nani.

Njia ya kwanza: serikali kulipia kwa kodi

Uingereza ndiyo mfano maarufu. Huduma yake ya taifa ya afya, NHS, ilianza Julai 5, 1948, chini ya waziri wa afya Aneurin Bevan, miaka sita baada ya ripoti ya William Beveridge kupendekeza hifadhi ya jamii kwa wote. Kanada inatumia kodi pia, ingawa madaktari wake wengi hujitegemea na kuipelekea serikali madai. Thailand ilifika huko 2002 kwa mpango uliomtoza mgonjwa baht 30 tu kwa kila ziara.

*Bili inakupata wapi.* Inakupata kwenye kodi ya mapato na kwenye kodi ya kila unachonunua, kwa hiyo huioni. Huo ni utamu wake na pia hatari yake. Utamu, kwa sababu mwenye kipato kikubwa huchangia zaidi bila mtu kumjazia fomu, na mgonjwa anapofika hospitali haulizwi kama amechangia. Hatari, kwa sababu usichokiona huwezi kukihoji. Dirisha nalo halifungwi lote. Bevan mwenyewe alijiuzulu Aprili 1951 serikali ilipoamua kutoza ada ya meno ya bandia na miwani, na mwaka uliofuata ada ya dawa ikaingia. Leo dawa moja iliyoandikwa na daktari nchini England hulipiwa pauni 9.90, ingawa watoto, wazee na makundi mengine wamesamehewa, ilhali Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zimeifuta ada hiyo kabisa. Nchini Kanada daktari na hospitali havidai kitu, lakini dawa za kumeza nyumbani na matibabu ya meno kwa sehemu kubwa vimeachwa nje ya sheria ya taifa ya 1984, na familia nyingi hutegemea bima ya mwajiri kwa hayo.

*Nani anabaki nje.* Wachache kuliko njia nyingine yoyote. Ukiwa mkazi umo, uwe na kazi au huna, na hakuna mchango wa kusahau kulipa. Hapa njia ya kodi haina mpinzani, na ndiyo maana nchi yenye wakulima na wachuuzi wengi, ambao hawana mwajiri wa kuwakata, hupata nafuu nayo. Thailand iliwafikia watu hao kwa kodi, baada ya kadi za hiari kushindwa kuwafikia wote.

*Foleni na uhuru wa kuchagua.* Hapa ndipo njia hii inapolipia wema wake. Bajeti ikiwa na ukomo na mlango ukiwa wazi kwa wote, kinachobaki kuwapanga watu ni muda. Kanuni ya England inataka asilimia 92 ya wagonjwa waanze matibabu waliyopewa rufaa ndani ya wiki 18, na kiwango hicho hakijafikiwa tangu 2016. Mwaka 2023 orodha ya matibabu yanayosubiriwa ilipita milioni 7.7. Dharura hushughulikiwa kwanza, lakini mwenye nyonga iliyochakaa anaweza kuishi na maumivu kwa miezi mingi. Kumfikia bingwa bila rufaa ya daktari wa kawaida ni vigumu, isipokuwa ukilipa mwenyewe kwenye hospitali binafsi. Mwenye nacho huiruka foleni na asiye nacho hubaki akisubiri. Usawa una ufa, na ni uongo kuuficha.

*Gharama zikipanda.* Waziri wa fedha ndiye breki. Akibana, matumizi yanabanwa mwaka huohuo, jambo ambalo njia nyingine zinalionea wivu. Lakini breki hiyohiyo hukanyagwa na mtu anayetazama uchaguzi, na ukarabati wa hospitali huwa wa kwanza kuahirishwa kwa sababu paa linalovuja halipigi kelele kama mgomo wa madaktari.

Tukiwa kwenye migomo: mkoa wa Saskatchewan nchini Kanada ulipoanzisha bima ya matibabu ya serikali Julai 1962, madaktari waligoma kwa siku 23 wakihofia kugeuzwa watumishi wa serikali. Yaliisha kwa makubaliano kwamba wataendelea kujitegemea na kulipwa kwa kila huduma, na mpango ukabaki. Miaka minne baadaye bunge la Kanada likapitisha sheria ya kusaidia mikoa yote ifanye vivyo hivyo. Nautaja mgomo huo kwa sababu hofu ya mageuzi haina maana kwamba mageuzi ni mabaya, wala si ya kupuuzwa. Hofu ya madaktari wale ilibadilisha mkataba ukawa bora kuliko ulivyoandikwa mwanzo.

*Inamfaa nani.* Asiye na ajira rasmi, mwenye kipato kinachoyumba, anayebadilisha kazi mara kwa mara, na mwenye ugonjwa wa kudumu anayeogopa kupoteza kadi. Inamwia ngumu asiyeweza kusubiri, pamoja na raia wa nchi ambayo serikali yake haikusanyi kodi vya kutosha au haiaminiki na kapu moja kubwa.

Njia ya pili: mchango wa lazima kutoka kwenye mapato

Hii ndiyo kongwe. Mwaka 1883 serikali ya Otto von Bismarck ilipitisha nchini Ujerumani sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi. Mfanyakazi alichangia theluthi mbili, mwajiri theluthi moja. Tangu hapo wazo hilo limeenea mpaka Japani na Korea Kusini.

*Bili inakupata wapi.* Kwenye hati ya mshahara, ikiwa na mstari wake. Nchini Ujerumani mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mapato, na juu yake kila mfuko wa bima huongeza sehemu yake. Vyote viwili hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mfanyakazi na mwajiri. Mchango hufuata mshahara, haufuati ugonjwa: mwenye saratani na mwenye afya wanaopokea mshahara sawa kwenye mfuko mmoja hukatwa sawa. Mke au mume asiye na kipato na watoto huingia bila nyongeza, jambo ambalo mwenye familia anapaswa kulitilia uzito mkubwa. Ila kuna dari. Mwaka 2025 mapato yaliyozidi yuro 5,512.50 kwa mwezi hayakukatwa kitu, kwa hiyo anayepokea yuro 10,000 alitoa asilimia ndogo ya mapato yake kuliko anayepokea 3,000. Watetezi wa dari husema bima si kodi. Binafsi sijaridhika na jibu hilo, lakini ndilo lililowafanya wenye mishahara mizuri wasiupige vita mfumo.

Dirishani Mjerumani hulipa yuro 10 kwa siku akilazwa, kwa siku zisizozidi 28 kwa mwaka, na kati ya yuro 5 na 10 kwa dawa nyingi. Jumla ya uchangiaji huo haitakiwi kuvuka asilimia 2 ya mapato ya mwaka, au asilimia 1 kwa mwenye ugonjwa wa kudumu. Kikomo hiki ndicho kipengele ninachokipenda kuliko vyote katika mfumo wao, na ningetaka kila muswada wa bima ulazimishwe kukitaja kwa tarakimu.

Linganisha na Korea Kusini. Huko mchango wa mfanyakazi na mwajiri kwa pamoja mwaka 2025 ulikuwa asilimia 7.09, chini ya nusu ya wa Ujerumani. Unavutia ukiutazama kwenye hati ya mshahara. Lakini mgonjwa aliyelazwa huko kwa kawaida huchangia asilimia 20 ya gharama, na zipo huduma zisizomo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima hulipia, na hizo hujilipia zote, hata watu wengi hununua bima binafsi ya kuongezea. Makato madogo, dirisha kubwa. Anayekuahidi michango midogo bila kukuonyesha uchangiaji wa hospitalini amekuonyesha nusu ya bili.

*Nani anabaki nje.* Aliyejiajiri ndiye mwiba. Hana mwajiri wa kumlipia nusu, kwa hiyo hubeba zote mbili, na kipato chake hakijulikani kwa uhakika. Korea Kusini ililazimika kuwapima wasio na mshahara kwa mali zao, pamoja na nyumba na gari, na manung'uniko yakadumu miaka mingi: mzee mwenye nyumba lakini asiye na senti alidaiwa kama tajiri. Nchi hiyo ilianza na kampuni zenye wafanyakazi 500 au zaidi mwaka 1977 na kuwafikia wananchi wote 1989. Miaka 12, na huhesabiwa miongoni mwa waliokwenda mbio. Ghana, kwa sheria yake ya 2003, ilichanganya: pamoja na michango, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, na tozo hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya mfuko kwa sababu wengi hawana mshahara wa kukatwa.

*Foleni na uhuru wa kuchagua.* Mjerumani huchagua daktari, na mara nyingi huenda kwa bingwa moja kwa moja. Huchagua pia mfuko: tangu 1996 watu wengi wanaruhusiwa kuhama, na mifuko iliyokuwa zaidi ya elfu moja mwaka 1990 imeungana mpaka kubaki chini ya mia moja. Doa lipo. Wenye kipato cha juu wanaruhusiwa kujitoa na kwenda bima binafsi, na karibu mtu mmoja kati ya kumi yuko huko. Madaktari hulipwa zaidi kwa wagonjwa hao, na wenye bima ya kawaida hulalamika, kwa haki, kwamba wenzao hupata miadi mapema.

*Gharama zikipanda.* Asilimia ya makato hupanda, na kila mtu anaiona. Waajiri hulalamika kwamba kuajiri kumekuwa ghali. Jamii ikizeeka, wanaokatwa hupungua na wanaotibiwa huongezeka, na hesabu hiyo ndiyo inayoikosesha Ujerumani usingizi. Walijaribu kutoza yuro 10 kwa kila robo mwaka kwa anayemwona daktari, kuanzia 2004, wakitumaini ziara zisizo na maana zingepungua. Ada ile ilichukiwa, ikaongeza makaratasi, na ikafutwa mwanzoni mwa 2013.

*Inamfaa nani.* Mwenye ajira rasmi, hasa mwenye wategemezi, na anayetaka kuona fedha yake ya afya imetengwa isichotwe kwa barabara. Haimfai sana aliyejiajiri kwa kipato kidogo mpaka sheria iseme wazi nani atamlipia nusu ya pili.

Njia ya tatu: kila mtu kununua bima yake, kwa sheria na ruzuku

Uswisi ndiyo iliyoifuata kwa uaminifu zaidi, tangu Januari 1, 1996. Uholanzi ikaja na yake 2006. Marekani iliijenga nusu yake kwa sheria iliyosainiwa na Rais Barack Obama Machi 23, 2010, huku wengi wa wafanyakazi wakibaki na bima ya mwajiri.

*Bili inakupata wapi.* Kwa ankara yenye jina lako. Nchini Uswisi bima ya msingi ina kitita kilekile kwa kampuni zote, na kampuni haziruhusiwi kutengeneza faida juu yake wala kumkataa mtu. Lakini malipo hayafuati kipato. Meneja na mhudumu wa mgahawa wenye umri mmoja, mtaa mmoja na kampuni moja hulipa sawa, na wastani wa malipo ya watu wote mwaka 2025 ulikuwa faranga 378.70 kwa mwezi. Kila mtu ana yake: baba, mama na kila mtoto. Ukitoka Ujerumani na watoto watatu kwenda Uswisi, tofauti hiyo utaihisi mwezi wa kwanza. Kinachookoa ni ruzuku, ambayo hupewa zaidi ya robo ya wakazi.

Kisha kuna kile kiasi unachojilipia kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa. Nitakiita kizingiti. Mtu mzima nchini Uswisi huchagua kuanzia faranga 300 mpaka 2,500. Ukichagua kizingiti kirefu, malipo ya mwezi hushuka. Ukishakivuka unachangia asilimia 10 ya kila bili mpaka faranga 700 kwa mwaka. Ni mpango wa haki kwa mwenye akiba. Kwa asiye na akiba ni mtego: anachagua kizingiti cha 2,500 kwa sababu ndicho anachokimudu kila mwezi, halafu anaogopa kwenda kwa daktari kwa sababu hizo 2,500 hana. Anayo bima na hatibiwi. Nchini Marekani kwenye soko la bima lililoanzishwa na sheria ya 2010, sheria iliruhusu mtu mmoja kubebeshwa hadi dola 9,200 za mfukoni kwa mwaka 2025, na familia dola 18,400, mbali na malipo ya kila mwezi.

*Nani anabaki nje.* Inategemea ulazima na ruzuku vina meno kiasi gani. Uswisi karibu kila mtu amo, ingawa baadhi ya majimbo yamewahi kuweka orodha za wadaiwa ambao hutibiwa dharura tu. Nchini Marekani wasio na bima walikuwa karibu milioni 48 mwaka 2010, na idadi ikashuka chini ya milioni 30, ambalo ni jambo kubwa. Hata hivyo, mahakama ya juu ilipoamua 2012 kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa kupanua mpango wa serikali kwa maskini, Medicaid, yapo yaliyokataa, na katika majimbo hayo wapo watu maskini mno kupata ruzuku na wasio na sifa ya kuingia Medicaid. Faini ya kutokuwa na bima nayo ilishushwa mpaka sifuri kuanzia 2019.

*Foleni na uhuru wa kuchagua.* Foleni ni fupi nchini Uswisi na huduma ni za hali ya juu. Unachagua kampuni, unahama kila mwaka, unachagua kizingiti. Uhuru huo ni wa kweli kwa anayeelewa mkataba. Marekani uhuru huishia kwenye orodha ya hospitali ambazo kampuni yako imefunga nazo mkataba, na daktari uliyemzoea anaweza kutoka kwenye orodha hiyo Januari bila wewe kuulizwa. Mwaka 2013, soko lilipokuwa likianza, mamilioni walipokea barua kwamba bima zao za zamani zinafutwa kwa kutofikia viwango vipya, ingawa walikuwa wameahidiwa kuwa anayeipenda bima yake atabaki nayo. Ahadi ile ililitia jeraha jambo zima, na anayeandaa mageuzi popote angejifunza hapo: usimwahidi mtu kwamba hakuna kitakachobadilika.

*Gharama zikipanda.* Barua ya ongezeko inakuja nyumbani. Waswisi huisubiri kila mwishoni mwa Septemba, na iliyotangazwa 2024 kwa malipo ya 2025 ilikuwa na wastani wa asilimia 6. Juni 2024 waliulizwa kwa kura kama malipo ya bima yasizidi asilimia 10 ya kipato cha kaya. Wengi wakakataa, kwa hofu ya kodi zitakazofidia. Mara mbili, 2007 na 2014, walikataa pia kuunganisha kampuni zote kuwa mfuko mmoja wa umma. Watu wanaolalamikia mfumo wao kila vuli waliutetea katika kura zote hizo tatu. Kwa Wamarekani kitanzi kiko kwenye ruzuku: ile iliyoongezwa 2021 iliwekewa ukomo wa mwisho wa 2025, wakati watu wapatao milioni 24 walikuwa wamejiandikisha kwenye soko, na mvutano juu ya kuiendeleza ukachangia serikali kufunga shughuli kwa siku 43 kuanzia Oktoba 1, 2025. Familia inayotegemea ruzuku inategemea kura za bunge.

*Inamfaa nani.* Mwenye akiba, anayeweza kusoma mkataba na kuhama bila woga, na anayethamini kumwona daktari wiki hii. Haimfai mwenye kipato kilicho juu kidogo tu ya mstari wa ruzuku. Huyo ndiye anayeumia kuliko wote, na mara nyingi hana wa kumsemea.

Kwa hali yako

Ukiwa umeajiriwa rasmi na una wategemezi wengi, pima kwanza kama muswada unamkata mtu au familia. Makato ya asilimia yanayoonekana makubwa yanaweza kuwa nafuu kuliko ankara ndogo ya kila kichwa ikizidishwa kwa watu sita.

Ukiwa umejiajiri, usiridhike na neno "kulingana na kipato". Dai kujua kipato chako kitapimwaje, utakata rufaa kwa nani ukipimwa vibaya, na je, unalipa kwa mwezi au kwa mwaka mzima kwa mkupuo. Mchango wa haki unaotakiwa wote Januari humshinda anayevuna Julai. Njia ya kodi itakukalia vizuri zaidi, au mchanganyiko kama wa Ghana.

Ukiwa kijana mwenye afya na akiba kidogo, bima yenye kizingiti kirefu ina mantiki, mradi akiba hiyo iwepo kweli na isiguswe. Kama akiba haipo, lipa zaidi kwa mwezi na ushushe kizingiti.

Ukiwa mwajiri mdogo, mchango wa mshahara ndio utakaokugusa moja kwa moja. Ni halali kudai kiwango cha mpito kwa biashara ndogo. Korea Kusini ilianza na kampuni kubwa kwa sababu hiyohiyo.

Ukiwa tayari na bima nzuri kazini, hofu yako ya kuipoteza ina msingi. Omba kuona kwa maandishi kama mpango mpya unaichukua nafasi yake au unakaa chini yake, na kama mwajiri ataruhusiwa kuiondoa.

Na kama nyumbani kuna mgonjwa wa figo, kisukari, saratani au sikoseli, acha kwanza habari ya kiwango cha mchango, ufungue orodha ya kitita. Mpango wa Thailand, ambao husifiwa na wengi nami nikiwemo, ulianza 2002 bila kulipia usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo. Huduma hiyo iliingizwa 2008. Katika miaka ile sita mgonjwa alikuwa na kadi, alipokelewa, na kwa jambo lile moja lililoshikilia uhai wake alirudishwa dirishani.